Wasichana wa Dirishani

Mzee aliingia dukani Jumanne, mashine ya kunakili ikiwa imegoma na mimi nimepiga magoti mbele yake nikivuta karatasi iliyokwama tumboni mwake.

"Hodi," alisema. Mlango wa steshenari huwa wazi kutwa, na hakuna mteja anayepiga hodi.

"Karibu, baba. Nakuja sasa hivi."

"Usiharakishe, mwanangu. Mtu akishapiga magoti si vizuri kumkatiza."

Nilicheka, nikainuka nikiwa na wino mpaka kwenye viwiko. Sikuwahi kumwona. Alivaa koti la kijivu lenye vumbi la mbao kwenye mikunjo, na penseli bapa ya seremala ilikuwa nyuma ya sikio lake, nadhani alikuwa ameisahau. Alifungua zipu ya mfuko wa Biblia, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Nataka unichapie hii. Nakala sitini. Ni ratiba. Jumamosi hii tunamuaga mke wangu kazini."

Ratiba ni kazi yangu ya kila siku tangu nimalize chuo. Ningali natuma barua za maombi ya kazi, na barua hizo nazichapa hapohapo dukani jioni kwa ruhusa ya bosi. Lakini mchana nachapa ratiba za harusi, za ubatizo, za mazishi, za kusimikwa wazee wa kanisa. Vidole vyangu vinajua njia bila kuniuliza. Sala ya kufungua. Utambulisho. Neno fupi. Neno lingine fupi. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima, kama za mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia. Nikafika namba tisa: *Wasichana wa dirishani, wimbo.*

Vidole vilisimama.

"Baba, mama anafanya kazi wapi?"

"Jikoni, shule ya wasichana. Miaka thelathini na mmoja." Akanitazama kwa upole. "Na wewe, kama sikudanganywa huko nilikopita nikiuliza, ndiye Kengele."

Hakuna aliyekuwa ameniita Kengele uso kwa uso kwa miaka saba. Shuleni nilikuwa mgonga kengele, na jina likanishika. Mke wake tulikuwa tukimwita Mama Jiko.

Tulikuwa wasichana sita katika ushirika wa wanafunzi Wakristo. Tulikuwa tunaimba, au tuseme tulijiona waimbaji. Ukumbi ulifungwa siku za masomo, madarasa yalikuwa ya kujisomea kimya, kwa hiyo mahali petu pa mazoezi palikuwa ule ujia mwembamba kati ya jikoni na bwalo, ulio wazi upande wa bwalo. Mama Jiko alitukubalia kwa sharti moja: tusiguse miiko yake. Ujia haukutosha kusimama duara. Sauti ya kwanza na ya tatu walijibana kule mwisho, kwenye mlango wa nje. Mimi na Mrefu, tuliokuwa sauti ya pili, tuliegemea dirisha la kugawia chakula. Upande wa pili wa dirisha Mama Jiko alikuwa anakoroga sufuria lililomfika kifuani. Hakuwa anatuangalia. Ila tukinyamaza tu, alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko: "Mmechoka? Mbona maharage hayajachoka?"

Siku ya mwisho ya kidato cha nne tulienda kumuaga tukiwa tunalia ovyo, kama wasichana wa umri ule wanavyojua kulia. Mmoja wetu, tuliyemwita Daktari, aliomba daftari lake la kuhesabia sahani. Tukaandika ahadi.

Mzee alitoa karatasi ya pili kwenye mfuko wa Biblia. Tone la mafuta lilikuwa limeingia pembeni na kuifanya ing'ae. Mwandiko ulikuwa wangu. *Mama Jiko, siku utakayovua aproni yako ya mwisho tutakuja kukuimbia. Hata akibaki mmoja wetu.* Chini yake, sahihi sita zenye madoido.

"Sijatumwa," alisema mzee. "Hajui kama nimekuja. Yeye ametangaza jikoni kote kwamba mnakuja. Wenzake wanamtania, wanamwambia wasichana wako wamekuwa malaika, wanaimba bila kuonekana. Anacheka nao. Lakini nimeishi naye miaka mingi, najua kicheko chake kipi ni kicheko." Akaweka kidole juu ya namba tisa. "Sikuja kukubana, mwanangu. Watu wana maisha yao. Nimekuja kuuliza tu: hii namba tisa niiache au niifute? Ukisema nifute, nitamwambia mashine iliruka mstari. Utakuwa uongo, nitautubu. Lakini asije akasimama mbele za watu akiangalia mlango."

Jumamosi ile. Siku nyingine yoyote ningeruka kwa furaha. Jumamosi ile kwaya yetu ya kanisani ilikuwa inarekodi. Tulikuwa tumeisubiri studio tangu mwaka uliopita, na wimbo wa nne katika albamu ulikuwa wangu. Niliutunga mwenyewe, katika miezi ile ya kutuma barua na kukaa bila majibu. Unaitwa "Nipe Subira". Na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kwaya, ni mimi niliyepewa kuanzisha. Shule iko mwendo wa saa nne kwa basi. Sherehe na studio zote zilikuwa zinaanza asubuhi.

"Iache, baba," nilisema.

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata baadaye ikihema.

Mchana ule niliandika kwenye kundi letu la simu, "Sauti Sita", ambalo kwa kawaida hupokea picha za maua zenye mistari ya Zaburi. Niliweka picha ya ile karatasi. Watu walilia kwa vikatuni. Walikumbuka mwiko, walikumbuka moshi, walikumbuka siku Mrefu aliposinzia na kuangukia mapipa. Kisha nikauliza nani anakuja Jumamosi, na kundi likapoa.

Daktari, ambaye siku hizi anauza bima, alikuwa na semina. Wawili wako nje ya nchi. Mwingine ameolewa na mchungaji, na Jumamosi ile mumewe alikuwa na mkutano wa injili. "Kumbe wewe Kengele bado unagonga," aliandika, "mwambie Mama Jiko nampenda." Mrefu peke yake alisema, "Nakuja. Tutaegemea dirisha kama zamani." Nikatulia. Wawili wanatosha.

Mwalimu wa kwaya yetu ni kinyozi. Nilimkuta kazini jioni, wembe mkononi, mteja amejaa povu mpaka masikioni.

"Jumamosi?" alisema. "Jumamosi gani unayoizungumzia, dada? Kuna Jumamosi nyingine nisiyoijua?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kusogeza wembe.

"Wimbo ni wako," alisema mwishowe. "Lakini studio si yangu. Siwezi kuisogeza."

"Najua, mwalimu."

"Nikiuweka wimbo wako akiba mpaka albamu nyingine?"

"Albamu nyingine ni lini?"

Aliangalia wembe. "Mungu akipenda," alisema, kwa sauti ya mtu asiyejua.

"Mwalimu," mteja alisema kutoka ndani ya povu, "nimalizie kwanza upande huu, halafu mwendelee na mambo ya Mungu. Nitatokaje hapa na nusu kichwa?"

Tulicheka wote watatu, na katika kicheko hicho jambo likaamuliwa. Kinubi ndiye angeanzisha. Kinubi ni mpwa wa mwalimu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, na sauti yake ni ile ambayo ukiisikia redioni Jumapili asubuhi unaacha kupiga pasi. Mwalimu alisema tena, bila ukali, "Ujue wimbo ukisharekodiwa una sauti ya aliyeurekodi. Watu watauita wimbo wa Kinubi."

Alhamisi nilimfundisha. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa wakati wanawake wa zamu wakifagia ndani.

"Dada, hapa kwenye 'nimengoja mlangoni', napumua wapi?"

"Hupumui. Hapo mtu anasubiri jibu. Anayesubiri jibu anabana pumzi mpaka aambiwe."

Alijaribu. Akaupata mara ya kwanza, tena akauongezea mtetemo mdogo mwishoni ambao mimi sikuwahi kuufikiria na ambao, nikiwa mkweli, ulikuwa wa wimbo ule tangu mwanzo. Nilifurahi na nikataka kulia.

"Ukibadilisha mawazo hata Jumamosi alfajiri," alisema, "mimi nitarudi nyuma. Sitakasirika, dada."

"Imba tena," nilimwambia. "Mwisho wa mstari umeharakisha."

Ijumaa mchana Mrefu aliandika. Mtoto wake alikuwa na homa tangu usiku, wako zahanati. "Nisamehe, Kengele. Nisamehe sana." Nilimjibu kwamba mtoto kwanza, nikaongeza mikono ya sala, na nilimaanisha. Halafu nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka, ndipo nilipoelewa shida yangu.

Mimi ni sauti ya pili. Wimbo wetu wa shule haukuwahi kupita redioni wala kuandikwa kitabuni. Daktari aliutunga tukiwa kidato cha kwanza, na hakuna mtu mwingine duniani anayeujua. Na mimi siujui wimbo wenyewe. Najua kipande changu. Miaka minne niliegemea dirisha nikiziba sikio moja ili sauti ya kwanza isinivute. Nilikuwa hodari wa kutowasikia.

Nyumbani nilijaribu huku nikiosha vyombo. Nilianza na sauti ya kwanza kama nilivyoikumbuka, na kila nikifika neno la tatu nilitelemka kwenye njia yangu ya zamani. Pabaya zaidi palikuwa katikati, kwenye mstari wa "walio karibu na walio mbali na waliochelewa njiani". Wenzetu walikuwa wanapanda pale kama watu wanaokwea ngazi, na sisi wawili tunabaki kwenye noti moja tu, mstari mzima, kama waliosahauliwa chini.

Mama yangu alitoa kichwa chumbani. "Huo wimbo mbona hauna paa?"

"Ni sauti ya pili, mama. Paa wamebaki nalo wenzangu."

"Na ndio unaenda nao kumuimbia mtu?"

"Ndio huohuo."

Alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Mama alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa ibada ya pili kwamba albamu ikitoka watamsikia binti yake. Mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga alikuwa amefikisha habari.

"Huwezi kumpigia yule mzee simu, umwambie umeugua?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta ufunguo mahali anapojua haupo.

"Naweza. Lakini niliichapa mwenyewe, mama. Nakala sitini. Namba tisa iko pale."

Aliinuka kigodani. Kisha akachukua gauni langu la buluu kwenye kamba, akaanza kulinyoosha.

"Basi nitawaambia wimbo ni wa mwanangu," alisema akiikandamiza pasi, "sauti ni ya kuazima."

Shule ilikuwa imepungua. Najua majengo hayapungui, lakini bwalo nililolikumbuka lilikuwa kubwa kama uwanja, na lile nililoingia Jumamosi lilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi yaliyochakaa na meza iliyokwaruzwa majina. Kengele yangu, kile kipande cha chuma cha reli, ilikuwa bado inaning'inia nje, ikiwa na msichana mwingine wa kuigonga. Harufu ilikuwa ileile ya sabuni, moshi na mbao zilizolowa. Wanafunzi walinitazama kama sisi tulivyokuwa tukiwatazama wageni: tukipima viatu kwanza.

Mama Jiko alikaa meza ya mbele, na juu ya gauni lake zuri alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Mzee alininong'oneza kwamba amekataa kuivua mpaka namba tisa ipite. Aliponiona alinyanyuka nusu. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakaenda mlangoni, yakasubiri. Kisha akainua kidole kimoja, kama anavyouliza mtu anayehesabu sahani: mmoja?

Nikainua kidole kimoja.

Akatikisa kichwa kukubali, akakaa.

"Ndio kwaya yenyewe hiyo?" mwanamke mmoja wa jikoni aliuliza nyuma yangu, bila kujisumbua kunong'ona.

"Malaika wengine wamekwama na basi," alijibu mwenzake.

Ratiba ilikwenda kama ratiba zangu zote zinavyokwenda. Namba tano, "neno fupi", ilichukua dakika arobaini. Nilikuwa nimebana karatasi magotini wakati simu ilipotetemeka. Ni Kinubi: *Dada, tunaingia na wimbo wako sasa hivi. Tuombee.* Niliinamisha kichwa. Nitasema ukweli: sala ya kwanza nilijiombea mwenyewe, kwamba wivu uniondokee. Ya pili ndiyo niliyomwombea yeye, kwamba asiharakishe mwisho wa mstari.

"Namba tisa!" mshereheshaji alisema. "Wasichana wa dirishani!" Akaangalia huku na huku akiwatafuta hao wasichana. Nikasimama peke yangu. Kicheko kidogo kilipita kwenye mabenchi, si cha ubaya, lakini kilimfikia Mama Jiko. Niliona mikono yake ikishika ncha za aproni.

Sikujua nisimame wapi. Miguu ilinipeleka yenyewe kwenye dirisha la kugawia chakula, nikaliegemea.

"Mama," nilisema, "tulikuwa sita. Leo nimebaki mmoja, na mimi ni sauti ya pili. Wimbo hautakuwa kamili. Unisamehe."

Nikaanza.

*Ukihesabu walio wako, Bwana, asubuhi nami nimo.* Bwalo lilikuwa kimya, ule ukimya wa watu wanaosubiri wimbo uanze, wakati umekwisha kuanza. *Sahani yangu usiisahau, jioni nami nimo.* Msichana wa benchi la mbele alimtazama mwenzake. Nilifumba macho. Mbele yangu palikuwa ule mstari wa noti moja, na sikuwa na wa kupanda juu yake. Nikavuta pumzi, nikaingia.

*Walio karibu na walio mbali...*

Sauti ya pili iliingia pamoja nami. Nene, kavu kidogo, sauti iliyokaa na moshi. Ilikuwa kwenye noti yangu. Haikupanda hata kidogo. Ilitembea na mimi mstari mzima, na ilipofika "waliochelewa" ilikata neno katikati, *walioche—lewa*, palepale alipokuwa anakata Mrefu kila siku kwa sababu pumzi ilikuwa inamwishia.

Nikafumbua macho. Mama Jiko alikuwa anaimba akiwa amekaa, kidevu juu. Na kule mabenchini wanawake wa jikoni waliingia mmoja baada ya mwingine, wote kwenye noti ileile, mmoja akigonga meza kwa kijiko kushika mwendo. Wote walikata neno palepale.

Ndipo nilipoelewa. Mwenye dirisha husikia wa dirishani. Kelele za sufuria zilikuwa zimewafunika wenzetu wa mlangoni. Miaka minne alichosikia kilikuwa mimi na Mrefu, na alikitwaa kama kilivyo. Akakiimba akikoroga, akawafundisha waliokuja kufanya kazi chini yake, na miaka saba baada ya sisi kuondoka jiko zima lilikuwa linaimba kipande chetu likijua ndio wimbo.

Tuliurudia mara tatu. Mara ya tatu hata wanafunzi walikuwa wameukamata.

"Mmeona?" Mama Jiko aliwaambia wenzake walipotulia, akifuta macho kwa ncha ya aproni. "Mlisema nautunga mwenyewe. Mmeusikia kwa mwenyewe?"

"Tumeusikia, mama. Tumenyoosha mikono."

Akanivuta kwake. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. "Kengele wangu," alisema. "Na leo umesikika vizuri hasa. Zamani kulikuwa na wale wa kule mlangoni, walikuwa wanatuvuruga."

Nilifungua mdomo nimweleze. Mzee, pembeni yake, alinitazama.

"Walikuwa na kelele kweli, mama," nilisema.

Akafungua kamba ya aproni mgongoni, taratibu, bila kuomba msaada. Kabla ya kuikunja aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha penseli na ratiba niliyoichapa, akaitandaza mezani na kuweka alama ya vema mbele ya namba tisa.